Noeli Inayovuka Mpaka

Wiki ya mwisho kabla ya Noeli, Kobero hugeuka. Mwaka mzima mji huu mdogo wa kaskazini mashariki mwa Burundi ni wa malori: yale yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, yakapita Isaka na Lusahunga, yakakata kona Nyakasanza, yakateremka hadi Kabanga wilayani Ngara na kungoja zamu ya kuingia Muyinga, Gitega na Bujumbura. Mafuta, saruji, mbolea, unga, vyote hupita hapa. Lakini kuanzia tarehe 20 Desemba hivi, anayetawala mpaka si dereva tena. Ni abiria mwenye begi mgongoni, mtoto mkononi na kuku chini ya kwapa.

Wanatoka kila upande. Yumo kijana aliyekuwa akibeba mizigo Kahama, binti aliyeolewa Ngara miaka mingi iliyopita na sasa anawapeleka wajukuu kwa nyanya yao, na mfanyabiashara anayeishi Mwanza ila mama yake bado analima maharage kwenye kilima cha Butihinda. Wengine huelekea upande wa pili, kwenda kula sikukuu kwa wakwe Tanzania. Wabadilisha fedha husimama pembeni na mafungu ya faranga na shilingi, na bei yao hupanda kadiri tarehe inavyosogea. Hao nao wana Noeli yao.

Ukitaka kujua sikukuu ya mtu wa Kobero ilikuwaje, usianze na alichokula. Muulize nani alifika. Kuanzia hapo atakueleza mwenyewe, kwa mpangilio wa undugu: kaka mkubwa alikuja na watoto wote, shangazi hakupata usafiri, mdogo wao wa mwisho alipiga simu tu. Nyama itatajwa baadaye, kama itatajwa.

Haya hayakuanza jana. Mpaka wenyewe ndio uliokuja juu ya familia, na si familia zilizokuja kujenga mpakani. Eneo la Bugufi, ambalo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, lilikuwa upande wa ufalme wa Burundi kabla Wazungu hawajagawana ardhi. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana mwaka 1919 jinsi ya kukata Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rwanda ilipoteza Gisaka, kisha ikarudishiwa miaka michache baadaye. Burundi haikurudishiwa Bugufi. Mwami, yaani mfalme, Mwambutsa wa Nne alilidai eneo hilo hadi mbele ya Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1940, bila mafanikio. Ndiyo maana hadi leo Mhangaza wa Kabanga na Mrundi wa Kobero wanaweza kutaniana, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na hakuna anayehitaji mkalimani. Kwenye meza ya Noeli mpaka huo unaonekana mahali pamoja tu: nusu ya waliokaa wana kitambulisho cha rangi nyingine.

Na imani iliyoleta sikukuu yenyewe iliingia kwa upande huohuo wa mashariki. Jaribio la kwanza la wamisionari lilikuwa la ziwani. Mapadre Weupe walifika Rumonge, pwani ya Tanganyika, mwaka 1879, na mwaka 1881 wakauawa. Safari iliyozaa matunda ilitokea bara, kutoka misheni za nchi ya Wasumbwa kama Ushirombo, ambako mapadre walikuwa wamekwisha kuota mizizi. Mwaka 1898 walifungua Muyaga, katika Cankuzo ya leo, na mwaka uliofuata Mugera, karibu na Gitega. Mmoja wao, Padre van der Burgt, Mholanzi, hata aliandika kamusi nene ya Kifaransa na Kirundi iliyotoka mwaka 1903. Mugera bado inapokea mahujaji wa Bikira Maria. Mtu anayetoka Tanzania leo kwenda Gitega kusali Noeli na wazazi wake anafuata mwelekeo uleule wa mapadre wale, isipokuwa yeye amepanda Toyota na wao walitembea.

Lakini Desemba ya Burundi ilikuwa na sikukuu kabla ya padre yeyote kufika. Wakati wa kupanda mtama, mwami alifanya umuganuro, sherehe kubwa kuliko zote za ufalme. Mtama ulibarikiwa, ngoma ya kifalme Karyenda ikatolewa, na nchi nzima ikapata ruhusa ya kupanda. Wapigangoma wa Gishora, kilima kilicho jirani na Gitega, wanahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, na ngoma ya aina hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Umuganuro wenyewe ulizimwa mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi ya Wabelgiji. Wamisionari waliona humo ibada ya kipagani, na serikali ya kikoloni haikuona hasara kumpunguzia mwami nguvu. Hivyo kwa muda mfupi sana mwezi wa Desemba ukabaki bila sherehe yake, na Noeli ikakuta nafasi wazi. Si lazima kusema Kanisa lilipanga hivyo. Ila watu waliozoea kukusanyika mwezi ule, kunywa mtama mwezi ule na kusikia ngoma mwezi ule hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kusherehekea. Walibadilishiwa sababu tu.

Shida ni kwamba mwezi huo si wa shibe. Anayeijua Noeli kwa kadi zenye theluji hana habari kwamba vilimani Muyinga sikukuu hii huanguka karibu na mwisho wa msimu wa njaa. Mvua za Septemba zimeotesha maharage na mahindi, lakini mavuno yake ni ya Januari. Akiba ya mavuno yaliyopita imekwisha au imebaki mbegu. Fedha ya kahawa, zao ambalo huchumwa kati ya Machi na Julai, imekwishageuka mabati na madaftari ya shule. Bei ya maharage sokoni iko juu. Sikukuu ya familia inakuja hasa wakati ghala limekauka.

Kwa hiyo hupangwa mapema. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vimeenea Burundi vijijini na hukutana kila wiki na kisanduku chenye kufuli, vingi huvunja akiba mwezi wa Desemba ili kila mwanachama apate chake kabla ya sikukuu na kabla ya gharama za shule. Vipo pia vikundi vyenye lengo moja tu: nyama. Majirani huchanga kidogo kidogo tangu katikati ya mwaka, Desemba wananunua ng'ombe mmoja, wanamchinja alfajiri na kugawana vipande kwa mizani au kwa macho. Mwanachama aliyechelewesha mchango hukumbushwa hadharani. Uchumi wa sikukuu umejengwa juu ya aibu hiyo, na kwa kweli unafanya kazi kuliko mabenki mengi.

Pombe nayo haisubiri tarehe 24. Anayetaka urwarwa wa Noeli lazima awe amekata ndizi zake wiki moja kabla. Ndizi mbichi hufukiwa shimoni kwenye joto, zikafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka ziive. Kisha humenywa, zikakandwa pamoja na nyasi hadi zitoe maji. Juisi hiyo, umutobe, wanapewa watoto na wasiokunywa kilevi. Inayobaki huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke siku mbili tatu. Ukikosea siku, wageni watakuta juisi au watakuta siki. Impeke, pombe ya mtama yenyewe, ina hesabu zake nyingine, ndefu zaidi, na hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mgeni haji mikono mitupu: huja na kibuyu, na siku hizi na dumu la plastiki, na mwenyeji huonja kwanza mbele ya wote kabla ya kukaribisha.

Bia ya chupa ndiyo heshima ya wenye mshahara. Primus hutengenezwa nchini, Bujumbura na Gitega. Lakini uhaba wa fedha za kigeni ulipokaza miaka hii ya karibuni, hata vinywaji vya kiwandani viliadimika, na wenye migomba wakacheka kimyakimya.

Chakula chenyewe hakina mapambo. Wali, ambao katika nyumba nyingi huonekana sikukuu na harusini tu. Ndizi za kupika, maharage, isombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, mbuzi wa mchuzi au wa mishikaki. Karibu na Ziwa Tanganyika kungekuwa na mukeke, samaki wa huko. Huku Muyinga samaki ni dagaa waliokauka, na hakuna anayelalamika.

Warundi kwa asili hawakai katika vijiji vya nyumba zilizosongamana. Kila familia ina rugo lake, boma lililozungukwa na migomba, juu ya kilima chake, na jirani yuko ng'ambo ya shamba. Jambo hili hubadilisha maana ya kwenda kanisani. Misa ya Noeli huwa ndiyo siku ambayo kilima kizima kinaonana uso kwa uso. Watu hutoka alfajiri, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya Desemba, wakaviosha na kuvivaa karibu na mlango. Parokia ikiwa mbali, hukusanyika kigangoni na kuongozwa na katekista. Padre mmoja huhudumia vigango vingi, na siku ya Noeli hawezi kuwa kila mahali. Katekista huyo, ambaye mara nyingi ni mkulima asiye na mshahara wa maana, ndiye aliyeibeba dini hii vilimani kwa zaidi ya karne moja. Vitabu vya historia vinamtaja kidogo mno.

Ndani kuna pango. Fransisko wa Asizi alitengeneza la kwanza huko Greccio, Italia, mwaka 1223, na tangu hapo kila nchi imelijenga kwa vifaa vyake. Huku ni kibanda cha nyasi na majani ya migomba, na mtoto aliyelala humo hakosi kufanana na watoto waliokaa kwenye mikeka mbele yake. Kwaya huimba Kirundi, na ukiwa karibu na mpaka huimba Kiswahili pia. Hubatizwa watoto, na kila mwaka orodha huongezeka Noella na Noel wengine. Misa ni ndefu. Mahubiri hugusa ulevi, ugomvi wa mashamba na vijana wasiorudi nyumbani, kwa utaratibu huo.

Si Wakatoliki peke yao, ingawa sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu kuwa asilimia 62 ya wananchi. Waprotestanti walikuwa zaidi ya moja ya tano. Marafiki, yaani Wakwekeri wa Kansas, waliingia Kibimba, upande wa Gitega, mwaka 1934, na Waanglikana walianza Buhiga na Matana miaka hiyohiyo. Waislamu walikuwa kama asilimia mbili na nusu kwa nchi nzima, lakini katika miji ya biashara kama Muyinga huonekana zaidi, na Kiswahili chao ndicho kilichofundisha soko zima kuongea. Desturi ya Afrika Mashariki inajulikana: mbuzi wa sikukuu akichinjwa na Mwislamu, kila jirani anaweza kula. Idd ikifika sahani hurudi.

Amani ya meza hiyo si ya kuichukulia kwa wepesi. Serikali ya Kanali Bagaza, katika miaka ya 1980, ilibana ibada za siku za wiki, ikafukuza wamisionari na kupiga marufuku jumuiya ndogo za Kikristo zilizoitwa inama sahwanya. Alipinduliwa Septemba 1987 na makanisa yakapumua. Miaka sita baadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Noeli ya mwaka huo iliwakuta Warundi wengi sana ng'ambo ya mipaka. Mwaka 1996 ilikuja Gitega bila askofu mkuu. Joachim Ruhuna, aliyewalaani hadharani wauaji wa pande zote mbili, alikuwa ameuawa Septemba 9 katika shambulio la kuvizia, na mrithi wake hakuteuliwa hadi Januari. Mwaka 2003, siku 4 tu baada ya Noeli, balozi wa Papa nchini, Askofu Mkuu Michael Courtney kutoka Ireland, alipigwa risasi barabarani huko Minago. Alikuwa akirudi kutoka mazishini.

Kuna jambo dogo la kisheria ambalo wageni hawalijui. Tangu mwaka 1972 Burundi ilikuwa na amri ya kutotembea kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Iliondolewa Aprili 2006. Kizazi kizima kilikua bila kujua misa ya usiku wa manane ni nini hasa, kwa sababu saa ambayo mila inasema Mtoto alizaliwa, sheria ilisema kila mtu awe ndani. Mkesha ulisaliwa mapema, na watu wakakimbilia makwao.

Kobero ilikuwa mlango wa mambo hayo yote. Warundi waliokimbilia Ngara baada ya 1993 walikaa Lukole, kambi ambayo ilikuwa na shule, soko na makanisa yake, na watoto waliozaliwa humo waliisikia Burundi katika hadithi za wazazi. Mwaka 2002 misafara ya kuwarudisha iliyosimamiwa na UNHCR ilianza kuvuka Kobero kuingia Muyinga. Waliorudi walikuta shamba lina mtu, au nyumba haina paa, au ndugu hawapo. Lakini walikuta pia mahali pa kusali, na kwa wengi Noeli ya kwanza nyumbani ilikuwa ya kuhesabiana tu.

Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi wana hadithi tofauti. Walipewa makazi Tanzania, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakazaa, na mwaka 2014 Tanzania ilitangaza uraia kwa zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao. Wengine walichagua kurudi. Ndiyo maana ziko familia ambazo kaka ni Mtanzania na dada ni Mrundi, baba mmoja mama mmoja. Hawa wakikutana Desemba, sala ya chakula huanza kwa Kirundi kwa ajili ya wazee na kumalizika kwa Kiswahili kwa ajili ya wajukuu.

Serikali nayo hupenda kuingia sherehe za familia. Mwaka 2017 Rais Pierre Nkurunziza aliagiza wote wanaoishi pamoja bila ndoa waihalalishe kabla ya Desemba 31, kama sehemu ya kampeni ya maadili. Watu waliokuwa wamekwisha kulea watoto watano walijikuta wakivishana pete kwa haraka, wakati mwingine kwa makundi. Wapo waliofurahi, kwa kuwa harusi ya watu wengi ni nafuu kuliko harusi ya mtu mmoja. Wapo walioona ni vituko. Yote mawili yana ukweli.

Kikwazo kikubwa cha leo si amri, ni petroli. Uhaba wa mafuta uliotikisa Burundi tangu karibu mwaka 2021, na kuwa mbaya zaidi baadaye, umefanya safari kutoka Kobero hadi Gitega kupitia Karuzi kuwa jambo la kudra. Nauli hupanda bila taarifa. Basi linaweza lisije kabisa. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na waliokuwa wakipitia kaskazini wakalazimika kutafuta njia nyingine, Kobero ikiwa mojawapo. Katika hali hiyo baiskeli imerudisha heshima yake. Muyinga ina waendesha baiskeli wanaoweza kubeba mbuzi, gunia na mama mkwe kwa safari moja, na wiki ya Noeli hawana nafasi.

Gitega imebadilika vilevile. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa, baada ya Bujumbura kubakiziwa biashara. Wakubwa wanaohudhuria ibada za sikukuu katika kanisa kuu la Kristo Mfalme wameongezeka, na walinzi wao pia. Waumini wa zamani wa Mushasha, mahali lilipo kanisa hilo, wamejifunza kuwahi viti.

Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa 5. Muyinga, iliyokuwa mkoa, iliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa Buhumuza, na makao makuu yakaenda Cankuzo. Gitega ilibaki na jina lake na kuongezewa majirani. Mihuri ya ofisi imebadilishwa. Kanisa Katoliki halikugusa chochote: jimbo la Muyinga lililoundwa mwaka 1968 liko palepale, na waumini wa Kobero wanaendelea kuhesabiwa humo.